Bahasha ya Hataza

Mimi ni mwoga. Naliweka hilo mwanzoni ili msomaji asije akanitafutia ushujaa katika kurasa hizi akaukosa. Naogopa radi, naogopa mto uliojaa, naogopa mtu yeyote anayekuja nyumbani na faili kwapani. Mama yangu, kule kwetu Mpwapwa, alikuwa akisema nilizaliwa nikishtuka. Lakini hofu niliyoishi nayo Kibondo katika miaka ya tisini haikuwa ya radi wala ya mto. Ilikuwa nyuma ya mlango wenye kufuli, na ufunguo wa kufuli hilo ulining'inia shingoni mwa mume wangu.

Serikali ndiyo iliyonipeleka huko, kufundisha hesabu katika shule ya msingi ya kijiji kimoja upande wa Kitahana. Nilikuwa nimesikia kwamba ni mbali. Sikujua kwamba ni mbali kiasi kile. Mume nilimkuta hukohuko. Alikuwa fundi wa mashine ya kusaga ya kijiji, mali ya mfanyabiashara wa Kasulu, na watu walimpenda kwa sababu alikuwa akiisemesha ile injini. "Leo ina kikohozi," angewaambia akina mama waliopanga madebe yao ya mahindi. Mara ya kwanza nilidhani ananichekesha mimi, mgeni. Injini ilizimika kweli, debe la pili halijaisha.

Kijiji kizima kilimjua kuwa Mha wa Muyama. Mimi alinieleza ukweli kabla posa haijapelekwa kwetu. Alizaliwa ng'ambo, Burundi, na mama yake alimvusha mpaka akiwa na miaka tisa, wakati watu walipokuwa wakiuawa kule. Walipokelewa Muyama, mama akafia hapo, naye akalelewa na wenyeji mpaka akawa kama wao. Kiha na Kirundi ni lugha za ndugu, na mtoto wa miaka tisa hujifunza upesi kuziba pengo lililobaki. Hakuwahi kuandikishwa popote, si kama mkimbizi wala kama raia.

"Sasa unajua," aliniambia. "Ukitaka kukimbia, njia ya Kasulu ni ile pale."

Sikukimbia. Nilimpenda, na pia niliogopa kubaki peke yangu katika nyumba ya mwalimu yenye popo darini. Yote mawili ni kweli.

Wiki ya kwanza ya ndoa yetu nilimwandalia pombe ya ndizi. Jirani alikuwa amenifundisha kwamba huku mwenye chombo huonja kwanza mbele ya anayemkaribisha, ili huyo aone kwa macho yake kuwa hakuna kilichotiwa ndani. Basi nikaonja, tena kwa madaha, kisha nikampa kwa mikono miwili. Alicheka mpaka akakiweka kikombe chini.

"Mwalimu, kuonja ni kwa wageni. Humu ndani hakuna wageni."

Tangu siku hiyo kila nilichompa alikipokea na kukinywa bila hata kutazama kilichomo. Nilizoea, nikasahau kwamba ni jambo la kushukuru.

Kisha wakimbizi wakafurika kutoka ng'ambo, kambi zikafunguliwa, na malori ya misaada yakawa yanapita barabarani mfululizo. Dizeli ikaadimika. Mashine ya kusaga ikawa inakaa hata siku nne bila kuwaka, na mume wangu anakaa kando yake kama mtu anayeuguza. Hapo ndipo lilipomjia wazo la gurudumu.

Alinieleza mara moja tu, kwa kijiti, kwenye vumbi la uani. Lilikuwa gurudumu la mbao, refu kumfikia mtu kifuani, na kuzunguka ukingo wake mikono mifupi ya chuma iliyofungwa kwa bawaba. Upande unaoshuka mikono inakunjuka, uzito unakwenda nje. Upande unaopanda inajikunja, uzito unarudi ndani. Kwa hiyo upande mmoja ni mzito siku zote. Ukilisukuma mara moja haliachi tena. Ukilivika mkanda, linasaga mahindi, bila dizeli, bila kuni, bila mto.

Mimi fizikia niliiacha kidato cha nne, na alama niliyopata haitajiki hadharani. Lakini nilimkumbuka mwalimu wetu akisema kwamba hakuna mashine inayotoa nguvu zaidi ya ile iliyoingizwa. Nikamwambia mume wangu hivyo.

"Huyo mwalimu wako alijaribu?"

"Hapana. Alitufundisha tu."

"Basi ni maneno," akasema, akafuta mchoro kwa mguu.

Alikwenda Kasulu kumwona ofisa mmoja wa viwanda vidogo, mtu muungwana aliyemsikiliza hadi mwisho. Ofisa alimweleza kuhusu hataza, yaani hati ya serikali inayosema kwamba kitu hiki umekibuni wewe na mwingine asikitengeneze bila ruhusa yako. Alimwambia kwamba mwombaji hueleza kwa maandishi jinsi kitu chake kinavyofanya kazi, na kwamba wataalamu wanaweza kukipima kama kinafanya hivyo kweli. Na alimwonya asimwonyeshe mtu kabla ya kupeleka maombi, kwa kuwa kitu kikishaonekana hadharani si kipya tena. Kati ya hayo yote mume wangu alirudi na neno moja tu, kutomwonyesha mtu.

Gurudumu likahamia kwenye banda la mbuzi nyuma ya jiko. Mbuzi wakahamia jikoni. Dirisha likapigiliwa bati, mlango ukatiwa kufuli.

"Hata mimi nisione?"

"Hata wewe. Si kwamba sikuamini, mwalimu. Wewe ukiulizwa unajibu. Ndiyo kazi yako."

Kuanzia hapo siku zetu zilikuwa na mlio. Ko, ko, ko, vyuma vikikunjuka na kujikunja nyuma ya bati, kisha kimya, kisha nyundo, kisha ko, ko, ko tena. Nilipomuuliza kimya kile ni cha nini alisema amelishika kwa mkono ili alitie grisi. Mimi nilikuwa nikikatakata mboga, mbuzi wananitazama, najiambia nyamaza, mwanamke, huyu si mlevi wala si mpigaji, ana gurudumu tu.

Lakini kijiji hakikujua sheria za hataza. Kijiji kilijua kwamba mtu anayejifungia na kitu kinachogonga anaficha jambo, na jambo linalofichwa na mtu mzima mwenye akili huwa ni baya. Kisimani mwanamke mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kama ni kweli mume wangu anawasagisha wafu. Huyo niliweza kumcheka. Wengine walinong'ona kwamba mle ndani mnaundwa silaha za watu wa ng'ambo, na hao sikuweza kuwacheka, kwa sababu vita vilikuwa vinasikika, na maneno kama hayo yalikuwa yanatafuta masikio ya kuingia.

Tukaenda kwenye harusi. Mume wangu alikuwa amebeba kibuyu chake cha pombe kama ilivyo desturi. Akamimina, akaonja mbele ya wenzake, akawapa. Wakatazamana. Akaonja tena, safari hii akameza funda kubwa ili waone likipita kooni. Mmoja akasema ameshiba, na wa pili naye akashiba, na meza nzima ikashiba. Tulirudi nyumbani na kibuyu kimejaa.

"Wameshiba kabla ya kula," akasema njiani. Alijaribu kucheka, nikaona imemuuma.

Fomu ilikuja kutoka Kasulu kwa lori la tajiri wa mashine. Ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo Jumapili baada ya ibada tuliketi mezani, mimi nikisoma na kutafsiri, na kujaza ukurasa wa kwanza kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Jina. Kazi. Mahali pa kuzaliwa. Hapo kalamu yangu ilikuwa imeshagusa karatasi kuandika Muyama, naye akanishika mkono.

"Andika Burundi."

Lazima nieleze zilikuwa siku gani. Ilikuwa imeshatangazwa kwamba watu wote wa ng'ambo wanaoishi vijijini watakusanywa wapelekwe kambini, hata waliozeekea kwetu. Malori yalikuwa yameshafika Busunzu, si mbali nasi. Tulisikia juu ya familia moja iliyochukuliwa maharage yakiwa bado jikoni, na majirani wakaja kuyaepua. Mimi nilikuwa nikisikia lori barabarani natoka jasho katikati ya somo la sehemu.

"Baba, unajua malori yako wapi?"

"Najua. Hapo chini umenisomea wameandika nini?"

Chini palikuwa na tamko kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli, na kwamba yakionekana ya uongo maombi yatafutwa. Mimi ndiye niliyemsomea. Ningeweza kuuruka mstari ule, na nimejilaumu hadi leo kwa kutouruka.

"Watu wa Dar hawanijui," akasema. "Mimi nawaambia nina gurudumu lisilokula kitu. Nani ataniamini? Mwenye pombe anaonja kwanza. Mimi naonja hapo penye uchungu, wanione nameza. Wakiona nimesema jambo la kunidhuru mwenyewe, watajua na lile la gurudumu ni kweli."

"Na kama hicho unachoonja kina sumu kweli?"

"Oya," akakataa kwa Kirundi. "Andika, mwalimu."

Niliandika. Herufi saba, nzuri, zimekaa juu ya mstari. Naye akachukua karatasi nyeupe na rula yangu ya darasani, akajifungia bandani mpaka saa kumi, akaandika mwenyewe maelezo ya gurudumu na kulichora. Alitoka na bahasha ya kaki aliyoifunga kwa gundi ya kuzibia matairi, ili asiyehusika asiweze kuifungua. Kilichoandikwa humo kuhusu gurudumu sikukijua.

Kazi ya kuiposti ilikuwa yangu, maana yeye hakutaka kuliacha banda. Jumanne nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikaenda Kibondo mjini kwa baiskeli ya kukodi. Posta palikuwa na foleni fupi. Mbele yangu alisimama mwanajeshi kijana mwenye barua mkononi, na nilipokohoa aligeuka.

"Pita wewe, mama," akasema.

Hakuwa na ubaya wowote. Pengine alikuwa anamwandikia mama yake. Lakini nilipita bila kumtazama usoni. Nilinunua stempu, nikailamba, nikaibandika, nikaenda mpaka kwenye sanduku nje na kuweka ncha ya bahasha katika tundu lake. Nikawaza mikono mingapi itaishika kutoka pale hadi Dar es Salaam, na macho mangapi, na lile neno la herufi saba kwa mwandiko wangu mimi. Nikawaza wanangu wawili, mabinti, mkubwa akiwa darasa la pili. Mkono ulirudi wenyewe. Nikaitia bahasha ndani ya gauni, kifuani, nikapanda baiskeli.

"Imekwenda?" aliniuliza nikiwa bado napumua.

"Imekwenda."

Niliificha ndani ya jalada la kitabu cha mahudhurio, ambacho nilikuwa nimekivisha karatasi ya kaki ya rangi ileile. Kila asubuhi niliita majina ya watoto na mkono wangu uko juu yake. Nilijiambia kwamba malori yakishapita, yote yakitulia, nitaiposti tu, na yeye hatajua ilichelewa. Nilidhani nimemwokoa. Nilikuwa hata na kiburi kidogo.

Sikutegemea kwamba barua isiyokwenda itambadilisha. Aliyekuwa mwangalifu miaka yote ile akaacha uangalifu. Wakimbizi wakipita njiani na kuni zao, yeye aliyekuwa akiwaitikia kwa Kiswahili sasa akawasalimu kwa sauti "Amahoro," yaani amani, akasimama nao, akawauliza kwa Kirundi wametoka kilima gani. Nikamwambia watu wanasikia.

"Waache wasikie. Serikali inanijua sasa. Nimewaandikia mwenyewe, na hawajaja kunikamata, si ndiyo?"

Kila Ijumaa lori la tajiri likileta barua aliuliza kama kuna ya Dar. Mara tatu niliazimia kumwambia. Mara ya tatu nilifika hadi kwenye neno "ile barua," naye akanitazama kwa uso wa raha ambao sikuwa nimeuona tangu tuoane, uso wa mtu aliyetua mzigo wa utotoni. "Itajibiwa tu," akanifariji. Nikanyamaza. Niliogopa kuuondoa uso ule, na niliogopa zaidi jinsi atakavyonitazama baada ya hapo.

Walikuja Jumamosi, yapata saa nne asubuhi. Mabinti zangu walikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Lori lilibaki barabarani, nao wakashuka kwa miguu: mwenyekiti wetu wa kitongoji, askari wawili, na karani mwenye daftari. Niliwaona kupitia mlango wa jiko na mkojo ulinibana papo hapo, sioni haya kusema. Walibisha hodi kama wageni. Mume wangu akawatolea viti.

Karani aliuliza maswali kwa sauti ya kuchoka. Mimi nikatoa kitambulisho changu cha kazi. Kisha akamgeukia mume wangu, na kabla hajafungua mdomo mwenyekiti akadakia.

"Huyu ni wa Muyama, fundi wetu wa mashine. Namjua."

Sitasahau hisani ile ya mzee yule, mtu ambaye kwenye harusi alishiba kama wengine. Nilimwona karani akiandika Muyama. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na nilisoma herufi moja moja. Nikapumua.

Wakainuka kwenda. Askari mmoja akaelekeza kidole kwenye banda.

"Pale kuna nini? Tumeambiwa kuna vyuma."

"Ni uvumbuzi wangu," akasema mume wangu. "Haufunguliwi mbele ya watu mpaka Dar wajibu."

"Fungua, mzee."

"Kijana wangu, si ubishi. Ni sheria. Maombi yangu ya hataza yako Dar es Salaam. Kaulizeni. Sikuficha kitu, nimewaandikia kila kitu, hata nilikozaliwa."

Karani, ambaye alikuwa ameshafunga daftari, alilifungua tena. Aliuliza kwa kawaida tu, kama anayekamilisha ukurasa.

"Umezaliwa wapi?"

Hapo ndipo ningesema. Ningeweza kuanguka, kupiga kelele kuwa naumwa, kumwaga chungu cha maharage. Sikufanya hata kimoja. Mume wangu alinitazama na kutabasamu kidogo, tabasamu la kunituliza, kisha akamjibu karani kwa sauti ileile aliyonijibia mimi mezani.

"Burundi. Nilivushwa nikiwa na miaka tisa. Imo kwenye barua."

Mwenyekiti akatazama chini. Karani akalikata neno Muyama kwa mstari mmoja.

Hawakumpiga wala kumtukana. Walimwambia achukue blanketi na nguo. Lakini kwa sababu ya maneno ya silaha walitaka banda lifunguliwe, naye, akiamini kwamba barua iliyoko Dar imeshamlinda, akavua ufunguo shingoni na kufungua mwenyewe. Ndivyo nilivyoliona gurudumu kwa mara ya kwanza, pamoja na watu wa msako. Lilikuwa zuri. Mbao za mninga zilizosuguliwa mpaka zinang'aa, mikono iliyokatwa kwenye springi za gari, kila bawaba ina grisi. Sikutegemea kwamba lingekuwa zuri, na nililia.

"Silaha iko wapi?" akauliza yule askari, na mwenzake akacheka.

Mume wangu akalisukuma kwa viganja viwili. Ko, ko, ko. Walisimama wakilitazama dakika kadhaa, hata karani.

"Litasimama," karani akasema.

"Halisimami. Kaeni muone."

"Hatuna muda, mzee. Kuna watu kwenye lori."

Basi akavua saa yake ya mkononi akanipa mimi.

"Shahidi ni wewe, mwalimu. Kaa hapa. Usiliguse."

Lori liliondoka, nami nilikaa juu ya debe lililopinduliwa, na saa mkononi, natazama. Sikumsindikiza mume wangu hadi barabarani kwa sababu aliniambia nikae. Nilimwomba Mungu lisisimame, mimi niliyejua kwamba litasimama. Mlio ukapungua. Mikono ikawa inakunjuka kwa uvivu, ikasita, gurudumu likarudi nyuma kidogo, likaenda mbele kidogo, likatulia. Dakika arobaini na moja. Nilibaki pale mpaka wanangu waliporudi wakauliza baba yuko wapi na kwa nini banda liko wazi.

Ilichukua wiki sita kupata kibali cha kumwona. Kambi ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa baiskeli. Nilichukua unga, shati lake la ibada, na kidumu cha maji ya ndizi mbivu niliyoyakamua mwenyewe asubuhi ile, yakiwa hayajachachuka, ili wasininyang'anye getini. Na nilichukua bahasha. Nilikuwa nimeichomoa kwenye kitabu cha mahudhurio na kuitia kifuani, palepale nilipoitia siku ya posta. Njia nzima niliogopa kuliko nilivyowaogopa askari.

Alikuwa amekonda, lakini alikuwa amenyoa ndevu. Tuliketi kwenye benchi nje ya turubai lake, katikati ya watu wanaopita. Aliuliza habari za watoto, kisha akainamisha kichwa.

"Lilikwenda muda gani?"

Niliona kwamba haulizi kama lilisimama.

"Dakika arobaini na moja."

"Na moja?" Uso ukamchangamka. "Mimi sikuwahi kulifikisha thelathini."

"Ulijua linasimama?"

"Kila siku linasimama. Nilikuwa nalirekebisha. Ulikuwa unasikia kimya."

"Na kwenye karatasi zako uliandika nini?"

Alikwangua tope kwenye kandambili.

"Niliandika halisimami. Hilo ndilo linalonila. Nilikozaliwa nimesema kweli, gurudumu nimelisemea uongo, na nimetia sahihi. Wakija wataalamu kulipima, watasema Mrundi ni mwongo, na hapo sitoki tena. Naogopa, mama. Niandikie barua nyingine. Uwaombe wanirudishie ile."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema anaogopa. Miaka yote ile nilidhani mwoga ni mimi peke yangu. Nikaingiza mkono kifuani, nikatoa bahasha, nikaiweka magotini pake.

Alidhani ni jibu la Dar. Kisha akaitambua gundi yake ya matairi. Akaigeuza, akaitazama stempu. Haikuwa na muhuri.

"Haikwenda," akasema.

"Haikwenda. Niliogopa, baba. Niliogopa wasome ulikozaliwa."

"Kwa hiyo siku ile hakuna aliyekuwa anajua."

"Hakuna."

"Mwenyekiti aliposema mimi ni wa Muyama."

"Karani alikuwa ameshaandika. Nilimwona akiandika."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliikunja bahasha mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati, akawa anatazama watoto waliopanga madumu yao kwenye bomba la maji. Nikafanya nilichoweza, nikakizibua kidumu, nikamimina maji ya ndizi kwenye kikombe cha bati, nikampa kwa mikono miwili.

Alikipokea. Alikishika muda mrefu bila kukipeleka mdomoni, akitazama kilichomo. Kisha akanirudishia, naye pia kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa.

"Onja kwanza," akasema.

Nikaonja, akiwa ananitazama kooni. Ndipo akakichukua kikombe, akanywa.